Mstari wa Mwisho kwenye Ubao wa Busia

Nilikuwa mwandishi wa marobota. Pale jineri ya Tororo, kiwanda cha kuchambulia pamba, pamba ikishabanwa na kufungwa, mimi nilipita na kopo la rangi nyeusi na brashi, nikaandika kwenye kila robota namba yake, daraja lake na mahali linapokwenda, kabla halijapakiwa kwenye behewa. Herufi kubwa nilijifunza Kisumu, kwenye karakana ya reli, nilikofanya kazi miaka miwili, na Kiswahili cha kuandika nilikipata huko huko. Kwetu ni Masinya, Usamia, upande wa Busia. Wakati huu ninaousimulia nilikuwa na mke na watoto wawili. Tulikaa chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya jineri, na kila Jumamosi ya pili nilipanda baiskeli kwenda Masinya kuangalia shamba.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na wala hakuwa na dalili ya kuondoka. Machifu wa wilaya na wazee wa makanisa walikaa wakaamua iwe siku moja ya ngoma na nyimbo, watu wote wa sehemu zetu wakutane uwanjani Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji. Ngoma za Wapadhola wa Kisoko, za Wateso, za Wasamia wa pande zote mbili za mpaka, kwaya za makanisa, gwaride la watoto wa shule, na kuvuta kamba baina ya watu wa jineri na watu wa reli. Bwana Mkubwa wa Kizungu aliombwa ruhusa, akatoa, akarudi kwenye mafaili yake. Mambo yote yaliachwa mikononi mwa karani mmoja wa ofisi ya wilaya, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni.

Karani huyo alikuja jineri akaniomba kwa msimamizi wangu.

"Nataka mbao mbili," aliniambia. "Moja isimame hapa sokoni Tororo, moja Busia karibu na mpaka. Uandike mambo yatakayokuwapo na saa zake. Kwa Kiswahili. Nikiandika Kidhopadhola, Wateso watanuna. Nikiandika Kiteso, nitaulizwa Wasamia wamekosa nini."

Nilizitengeneza kwa mbao za makasha ya mashine, nikazipaka chokaa, nikaandika kwa rangi ya marobota. Juu niliweka NGOMA NA NYIMBO, TORORO, na siku yenyewe. Chini nikapanga saa baada ya saa. Ubao wa Tororo tuliusimika penye njia ya kuingilia sokoni. Wa Busia niliupeleka mwenyewe kwa lori la pamba.

Sikuwa nimewahi kuandika kitu ambacho watu walikisoma. Robota nani atalisoma? Litakwenda melini, na likifika ng'ambo litakatwa. Lakini ule ubao, siku ya kwanza tu, nilikuta watu wamejaa mbele yake wakimsikiliza mwalimu mmoja wa shule akiwasomea. Akifika kwenye ngoma ya watu wa Kisoko, watu wa Kisoko walipiga vigelegele. Akifika kwa Wateso, nao hivyo hivyo. Mzee mmoja alimwambia arudie jina la ngoma yao mara tatu, halafu akaenda zake ameridhika, hata chumvi aliyoifuata sokoni akaisahau. Jioni, watu walipotoka mashambani, ulisikia ngoma zikijaribiwa huku na huku, na wanakwaya wa kanisa letu walirudia ubeti mmoja mpaka watoto wangu wakauimba wakiwa wanaoga. Wiki zile sita za kuingoja siku yenyewe mji ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu nihamie.

Siku ya pili ya soko nikiwa nimesimama pale kufuta vumbi, mama mmoja aliyeanza uzee alinijia. Alikuwa na chungu kichwani na kingine mkononi. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mfinyanzi kutoka Kiyeyi, Mpadhola, na mke wangu alikuwa amenunua mtungi wetu wa maji kwake.

"Ni wewe naandika hii?" aliniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Soma. Anza juu, fika chini."

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kuvuta kamba.

"Na sisi wa vyungu tuko wapi?"

"Mama, hii ni siku ya ngoma na nyimbo."

"Watu wa Kisoko nacheza ngoma yao kwa nini? Kwa arusi, kwa kilio, kwa mavuno. Hiyo arusi iko bila chungu? Pombe ya wimbi nakaa wapi? Nyama napikwa wapi?" Hakupandisha sauti. "Mimi nauliza tu."

Nikamwambia nitamuuliza karani. Sikumuuliza. Niliona ni neno la mtu wa sokoni na litapita. Soko lililofuata akaja tena, safari hii na wenzake wawili, akaniamuru nisome tena tangu juu, kana kwamba huenda katika juma lile maneno yameongezeka yenyewe. Nilipomaliza, wenzake walitazamana. Yeye akaniambia, "Jumapili, ukitoka kanisani, kuja Kiyeyi."

Nilimweleza mke wangu nikitegemea ataniambia nisijisumbue. Badala yake alisema, "Mtu amekuuliza mara mbili. Utajificha hata lini? Nenda."

Nikaenda na baiskeli. Nyumbani kwa yule mama nilikuta wanawake wapatao ishirini, wengine na watoto mgongoni, wamekaa kwenye kivuli cha ghala la wimbi. Udongo wa bondeni ulikuwa umekwisha kukandwa siku iliyotangulia. Siku ile, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, hawakufinyanga. Walikuwa wakikagua vyungu vilivyochomwa Ijumaa. Kila mmoja alikishika chungu chake kwa mkono wa kushoto, akakigonga tumboni kwa kiungo cha kidole cha mkono wa kulia, akasikiliza. Chungu kizima kililia, chungu chenye ufa kilinyamaza kama kibuyu chenye uji. Na walipokuwa wakigonga, waliimba. Yule mama alianzisha, wengine wakaitika, na migongo ya vidole ikafuata wimbo. Vyungu vikubwa vilitoa sauti nzito ya chini, vidogo vya mboga vilijibu juu. Kidhopadhola nilikisikia nusu tu, lakini nilielewa kwamba wimbo ulikuwa wa udongo, kwamba ulitolewa bondeni, ukabebwa, ukakanyagwa, ukatiwa motoni na haukulia, na sasa ndipo unalia.

Nilikaa pale mpaka jua likaelemea magharibi. Nilifikiri juu ya mama yangu mzazi, Masinya, ambaye naye alifinyanga mpaka vidole vikapinda. Nimekula katika vyungu vyake tangu kuacha kunyonya, na sikumbuki hata siku moja niliyomwambia neno juu yavyo. Nilipoinuka kuaga, yule mama hakunisihi. Alinipa ndizi mbivu za kupelekea watoto, akasema, "Sasa umesikia. Hiyo ni ngoma ama si ngoma?"

"Ni ngoma, mama."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kwenda nyumbani Masinya, nilichukua kopo la rangi. Chini kabisa ya ubao wa Tororo kulikuwa na nafasi ya kiganja kimoja. Nikaandika: SAA NANE, VYUNGU NA WIMBO WA AKINA MAMA WA KIYEYI. Nilichagua saa nane kwa kuwa ratiba ilikuwa imeiacha wazi ili watu wapate kula. Kisha nikafunga kopo kwenye baiskeli, nikaenda mpaka Busia, nikaandika maneno yale yale kwenye ubao wa kule. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa kiasi cha deni lake kwa mzazi.

Jumatatu saa nne karani alikuwa mlangoni pa jineri.

"Nani amekuambia uandike mambo ya vyungu?"

"Nimewasikia, bwana karani. Wana wimbo mzuri. Ningekuambia."

"Ungeniambia lini? Baada ya kuandika?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini kwa adabu. "Sikiliza. Kamati imekaa mara nne juu ya orodha hii. Nimebishana na machifu mpaka nikaumwa kichwa. Nikiruhusu vyungu leo, kesho watakuja wasuka mikeka, keshokutwa wahunzi. Ngoma ni ngoma. Vyungu ni soko. Chukua mafuta ya taa ukafute."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na mke, watoto wawili na kazi ambayo wengi waliitamani. Nikachukua mafuta ya taa.

Bahati mbaya ilikuwa siku ya soko. Nikiwa nimepiga magoti nasugua, niliona miguu yenye udongo imesimama kando yangu. Sikuinua macho upesi.

"Iliandika nini hapo?" aliuliza yule mama.

Nikamwambia. Nikamsomea hata herufi zilizokuwa zimekwisha kufutika nusu. Alisikiliza akiwa ametulia, na nilipomaliza akaniomba nimsomee mara moja tena kabla sijafuta zilizobaki. Nilimsomea. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimempa habari njema.

"Sisi tunakuja," alisema.

"Mama, wamekataa."

"Nimesikia. Tunakuja."

Nilimaliza kufuta nikiwa na aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka uso unapata joto. Karani hakuniuliza habari za ubao wa Busia, na mimi sikumwambia. Naomba nieleweke. Sikuwa na hila. Siku ile nilikuwa nimemtii mtu mara moja, na nilishindwa kumtii mara ya pili.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Kufikia saa tatu asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa malori ya pamba, na wengine kwa garimoshi la asubuhi. Mwamba wa Tororo ulisimama juu yetu, na sauti za ngoma zilipiga pale ubavuni zikarudi, ukadhani kuna watu wengine wanacheza upande wa pili. Watu wa Kisoko walianza. Ngoma yao kubwa ndefu ililazwa chini, mpigaji akaikalia kama anayepanda ng'ombe, na wanaume wakacheza mpaka vumbi likawafunika magoti. Wateso wakaja, kisha kwaya mbili za makanisa. Karani alisimama juu ya meza na bomba lake la bati la kupazia sauti, akitaja kila kundi, na nakiri kwamba alifanya kazi yake vizuri. Kila jambo lilikwenda kwa saa.

Wasamia wa Busia na wenzao wa upande wa Kenya walifika karibu saa nane, umati mkubwa kuliko tulivyotarajia, wakitanguliwa na mpiga ngoma mmoja mrefu aliyekuwa na njuga miguuni. Nyuma yao tu, kutoka njia ya Kiyeyi, niliwaona wale akina mama. Walikuwa thelathini na zaidi, wamevaa magauni yao marefu safi ya gomesi, kila mmoja na chungu juu ya ingata, wakitembea mstari mmoja bila kushika kwa mkono. Watu waliwapisha bila kuambiwa.

Askari aliyesimama kwenye kamba ya uwanja aliwazuia. Karani akashuka mezani akaja mbio.

"Mama, soko liko kule," alisema. "Hapa ni kwa waliomo kwenye orodha tu."

Yule mama hakubishana. Alishusha chungu chake chini, na wenzake nao wakashusha, wakakaa pale pale nje ya kamba. Mke wangu alikuwa kando yangu. Akanigusa ubavu, akanong'ona, "Sema kitu." Nilikuwa bado natafuta la kusema mpiga ngoma mrefu aliposogea.

"Bwana," alimwambia karani, "hawa ndio akina mama wa vyungu? Sisi tunawangoja wao."

"Hakuna jambo la vyungu leo."

"Aka, liko. Kwetu Busia imeandikwa. Saa nane, vyungu na wimbo wa akina mama wa Kiyeyi." Aligeuka kwa watu wake. "Si ndivyo?"

Wakajibu kwa pamoja kwamba ndivyo. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Kenya alisema ameamka alfajiri kwa sababu ya vyungu hivyo tu, kwa kuwa kwao mfinyanzi wa mwisho amezeeka na hakuna aliyerithi. Wengine wakadakia. Karani alinitazama, na nilijua amekwisha kuelewa.

Chifu aliyekuwa mkuu wa kamati, mzee wa kofia ya mkeka na fimbo fupi, aliinuka kwenye kiti chake akaja kuona kuna nini. Karani akamweleza, na alinitaja. Chifu akaniita mbele.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika, mzee. Tororo niliambiwa nifute, nikafuta. Busia sikuambiwa."

"Na hukukumbusha mtu."

"Sikukumbusha, mzee."

Aliwatazama wale wanawake waliokaa chini na ule umati uliotoka mpakani. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikwisha kuiona kazi yangu ikienda.

"Watu hawa wamevuka mpaka kwa ajili ya ubao wetu," alimwambia karani. "Wewe utasimama juu ya meza uwaambie ubao wetu ni mwongo? Mimi sitasimama. Sasa ni saa ngapi?"

Karani alitazama saa yake. "Saa nane kasoro dakika tano."

"Basi hawajachelewa. Fungua kamba."

Akina mama waliingia katikati ya uwanja wakakaa duara, vyungu mbele yao. Karani alipanda mezani. Ilimbidi atangaze, na alitangaza maneno yale yale niliyoyaandika, kwa sauti ile ile aliyowatangazia wengine. Nilimtazama yule mama. Alilisikia jina la Kiyeyi likipaa juu ya uwanja mzima, akafumba macho kidogo tu, kisha akagonga.

Sauti ilikuwa ndogo. Baada ya ngoma za asubuhi nzima, nilihofu haitafika popote. Lakini watu waliokuwa mbele walikaa chini ili wa nyuma wasikie, na wa nyuma wakanyamazisha watoto, na ukimya ulienda ukitanuka mpaka mwisho wa uwanja, hata wauza karanga wakasimama. Ndipo vyungu vikasikika. Mmoja katika duara alikuwa na chungu kilichopata ufa njiani, kikawa kinanyamaza kati ya vingine. Yule mama alimtazama tu, naye akakiweka kando, akaendelea kwa makofi. Wimbo ulipanda. Sauti nzito za vyungu vya pombe zilikuwa chini, za vyungu vya mboga juu, na wanawake thelathini wakisema kwamba udongo ulitiwa motoni na haukulia.

Mara ya tatu ya kiitikio, wanawake wa Kisoko waliokuwa kwenye kivuli walijiunga. Walikuwa wakiujua wimbo ule tangu utotoni. Kisha mpiga ngoma wa Kisamia alisogea polepole, akapiga ngoma yake kwa ncha za vidole, kwa upole kabisa, asivifunike. Wateso wakaleta makofi. Nilitazama nikaona uwanja mzima umesimama, watu wa lugha mbalimbali wakiitika wimbo mmoja, na wengi wao hawakujua maana ya hata neno moja. Mke wangu alikuwa akilia na kucheka. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Walipomaliza, watu walidai tena. Karani alimtazama chifu, chifu akatazama kando kama mtu ambaye hajaona kitu, na wakaimba tena. Kuvuta kamba kulichelewa kwa karibu saa nzima. Watu wa reli wakatushinda, na jineri nzima haikujali.

Jioni ile hakuna chungu kilichorudi Kiyeyi. Niliona baiskeli zikielekea Busia zimefungwa vyungu nyuma kwa kamba za mkonge, na yule mwanamke wa Kenya aliyeamka alfajiri akitembea na kimoja kichwani na kingine amekikumbatia. Kile chenye ufa nacho kilichukuliwa. Mzee mmoja alisema kitamfaa kwa kutagia kuku.

Jumatatu karani alikuja tena jineri. Nilisimama nikafuta mikono.

"Ulinifanyia vibaya," alisema.

"Kweli, bwana karani. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alitoa kalamu moja mfukoni, akaichezea. "Mwakani tutaanza orodha mapema. Kabla hujaandika lolote, utapita kila gombolola ya wilaya hii na baiskeli yako, uwaulize watu wenyewe wana nini. Hata mikeka. Halafu uniletee mimi kwanza. Umesikia? Mimi kwanza."

Nilipita. Kazi hiyo ilinichukua mwezi mzima wa Jumamosi na Jumapili, na msimamizi wangu alilalamika kwamba marobota yananingoja. Nilijua nchi yetu mwaka ule kuliko miaka yote niliyoishi ndani yake. Niliandika mambo kumi na saba, na ubao mmoja haukutosha, nikaunga wa pili chini yake.

Masinya, mama yangu alikusanya wanawake wa Kisamia, mke wangu akiwa mmoja wao, wakafinyanga na kutunga wimbo wao kwa siri, mimi mwenyewe nikifukuzwa kila nilipokaribia. Siku ilipofika walikaa uwanjani wakitazamana na wale wa Kiyeyi, duara kwa duara. Mama yangu aligonga kwa vile vidole vyake vilivyopinda. Yule mama wa Kiyeyi alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akakiinua chungu cha mama yangu, akakigonga, akakigeuza, akakigonga tena.

"Hii ni ya mtu anajua," alisema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia, na wale wawili wakakaa chini pamoja wakaanza kuulizana habari za udongo.